Sari ya Banarasi Kwenye Bomba la Pikipiki

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hapa Kalemie siwezi kupita toka sokoni mpaka bandarini bila muntu kuniita, "Tantine Georgette, hariri inaendelea aje?" Basi afadhali niieleze hii aibu kwa kinywa changu mwenyewe, kuliko muisikie kwa wifi yangu, ambaye anaongeza chumvi.

Ilikuwa arusi ya Neema, binti ya kaka yangu. Mama yake, Mama Espérance (huyo njo wifi mwenyewe), alichagua kikwembe (kitenge) cha inifome kwa wanawake wote wa familia, cha kijani chenye ndege wa manjano, na mimi nikakitazama nikasema mbele ya watu, "Wifi, hiki ni plastiki. Mimi nitavaa kitu cha kweli." Kosa lilianzia hapo. Ningechukua kile kikwembe na kunyamaza, leo ningekuwa muntu wa heshima.

Kitu cha kweli kilikuwa sari. Niliipata kwa mama mumoja wa Kigoma anayevuka ziwa na mabalo ya nguo, nyekundu iliyoiva, maua ya dhahabu kwenye pindo, na akaniapia kwamba ni Banarasi, hariri iliyofumwa kwa mukono kule Banaras, India. Nikaingia kwenye simu kusoma, na hapo njo niliharibika kabisa: nikajua kwamba jina hilo linalindwa na sheria ya India, kwamba kitambaa kisichofumwa kwa mukono katika sehemu ile yenyewe hakina haki ya kuitwa Banarasi, kwamba fundi anakaa mbele ya mutambo wa mbao majuma na majuma kwa sari moja tu. Waliandika pia kwamba ukigeuza upande wa ndani utaona nyuzi zimejitokeza. Nikageuza, nikaona nyuzi, nikafurahi. (Zilikuwa zinafumuka.)

Tangu hapo sikumupumzisha muntu. Kanisani, sokoni, kwenye foleni ya maji, mimi ninafundisha. Jirani yangu mumoja, Papa Kisimba, akaniambia, "Mama, hapa kwetu kulikuwa kiwanda cha vitambaa, kimekufa, hatukukusikia ukikililia. Leo unalilia wafumaji wa India?" Nikamuona mujinga.

Siku ya arusi nikaweka video kwenye simu, nikaanza kuzungusha na kukunja na kufungua na kuanza upya, bila pini hata moja, kwa sababu yule mama wa Kigoma alinikataza, eti pini inatoboa hariri. Gari la kubeba wanawake lilipiga honi, likachoka, likaenda. Nikasimamisha pikipiki. Motari, yule muendeshaji, akanitazama akasema, "Mama, kusanya hiyo nguo, itaingia kwenye gurudumu."

"Wewe endesha," nikamujibu. "Hii inatakiwa ionekane."

Ilionekana. Wanawake wetu walikuwa wamejipanga mbele ya ukumbi wakingoja familia ya bwana-arusi, wakasikia pikipiki wakadhani ni watangulizi wa wageni, vigelegele vikapanda, ngoma zikaanza, na wakati huohuo, ninashuka na gurudumu bado linazunguka, nikasikia kitu kimenishika kiunoni na kunivuta. Gurudumu limekula sari! Nikazunguka kama pia, nikakaa chini kwenye vumbi na blauzi na sketi ya ndani, ile nyeupe ya zamani yenye kiraka, na vigelegele havikukatika haraka, kwa sababu wale wa nyuma hawakuona vizuri.

Kisha moshi. Sari ililalia bomba la moshi la pikipiki, na hariri ya kweli (nilisoma mwenyewe) ikiungua inanuka kama nywele. Hii ilinuka kama beseni. Ikayeyuka, ikadondosha matone mekundu, ikagandamana na bomba mpaka motari akalia, "Mama, plastiki yako inaharibu pikipiki yangu!"

Wifi alisikia. Hakucheka, na afadhali angecheka. Alitoa kikwembe cha akiba kwenye mufuko wake, akanifunga pale pale, akasema polepole, "Simama, tantine, wageni wanafika."

Mutadhani iliishia hapo. Lakini kwetu tantine, yaani shangazi, njo anaongea kwa niaba ya familia, na hotuba yangu nzima niliijenga juu ya sari. Sikuwa na nyingine. Nikapewa mikro, nikasikia sauti yangu ikisema, "Wageni wetu, binti tunayewapa ni kama Banarasi ya kweli..."

Upande wetu ukalipuka. Wanawake waliangukiana mabegani, na muntu mumoja huko nyuma akapaza sauti, "Basi musimuweke karibu na moto!" Watu wa upande wa bwana-arusi hawakucheka, maana hawakuwa wameona kitu. Baba mukubwa wa kijana, mufugaji aliyeshuka toka Pepa, kule milimani, akasimama na kofia yake kichwani.

"Mama, sijaelewa. Unasema binti ni wa kweli, na watu wenu wanacheka. Kuna jambo mumetuficha?"

Nikamuona Neema chini ya shela, amefunika uso kwa mikono, nikajua kwamba ninaweza kuvunja arusi ya mutoto kwa ajili ya kitambaa.

"Hapana, Papa, wananicheka mimi. Ni sari, imeungua..."

"Sari ni nani?" akauliza muzee.

Wifi akaninyang'anya mikro. "Papa, sari ni nguo. Huyu wifi yangu alidanganywa, nguo ikamuvuka hapo nje mbele yetu wote, njo tunacheka. Lakini huyu mutoto nilimuzaa mimi, hapa hapa Kalemie, na waliosikia kelele zangu siku ile wamekaa kwenye viti hivi. Hakuna mahali pengine panapoweza kudai jina lake."

Muzee akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni, akavua kofia, akacheka mpaka akakohoa. "Ikamuvuka yote?" akauliza. "Na sisi tulichelewa!" Neema naye akacheka huku anafuta machozi, na mimi nikakaa.

Nguo ya kuelezea watu sivai tena. Familia ikichagua kikwembe ninapokea, ninasema asante, ninafunga kinywa, na wifi ameshajua hilo na analitumia vibaya, maana kwa arusi inayokuja amechagua cha zambarau chenye picha za feni. Ni kibaya, jamani, kinaumiza macho. Nimeshakipeleka kwa fundi.