Jina ya Mukwe mu Telefone

Musiniulize juu ya nini huku mu quartier yetu ya Hewa Bora bantu banacheka bakipita ku mulango yangu. Nitawaambia miye mwenyewe, haya iko yangu, na hasira pia iko yangu.

Ilikuwa wakati bunduki zilikuwa zinalia upande wa Mitwaba, bantu banashuka na magodoro ku kichwa, na huku mujini kila mwenye roho mubaya anatengeneza papiers ya uongo kusudi auzishe parcelle, kiwanja na nyumba yake, ya mwenzake. Mujukuu wangu Nadège akapiga papiers ya parcelle yangu picha, akazituma ku fasi moja ya internet yenye kuchunga bintu. Akaniambia miye nyanya yake: "Hata nyumba iungue, kambo, utazifungua ku telefone ya muntu yeyote. Lakini mot de passe, neno ya siri ya kufungua, uijue weye peke yako, usiniambie hata miye." Akanipa telefone, akageuza uso.

Siri! Miye mwenye ninajua jina ya kila muntu ya avenue yetu, bazima na bafu, na yote ninayaita. Iko moja tu sisemake, ya mukwe wangu, bwana ya binti yangu, juu kwetu mama-mukwe akitamka jina ya mukwe ni kosa, analipa kuku. Na huyu alizaliwa nyuma ya ndugu zake kufa bote, njo bakamupa jina mubaya kabisa kusudi kifo imuzarau. Shangazi yake, mama Feza, aliniambia siku ya mahari. Leo iko patron ya malori, anavaa kostime, hakuna mwenye anaijua tena. Nikasema: mwizi atafikiria wapi? Nikaandika ile, herufi kwa herufi, na miwani ku pua, nikajiona mujanja (mujanja!).

Kisha ikafika siku ya pillage, wezi bakaingia nyumba kwa nyumba. Bakabeba redio, telefone, valise ya papiers, hata miwani yangu, bashenzi, bataona nini nayo? Haikukawia, mubaba mumoja wa kuitwa Donatien akatokea na karatasi mupya, eti parcelle ni yake. Parcelle yenye marehemu bwana yangu, muzee Kasongo, alijenga kwa mikono yake!

Tukaenda ku biro ya quartier, imejaa bantu. Nadège alikuwa amekimbilia Kipushi, telefone yake haipite. Mukwe wangu akakuja kuniteteya, na mama Feza, na madereva ya malori yake; yeye akasimama ku mulango, uso pembeni, vile heshima inaomba. Secrétaire, papa Gaspard, akafungua ile fasi ku telefone yake: "Andikeni mot de passe, mama." Bila miwani, nikagusa-gusa, ikakataa. Nikarudilia, ikakataa.

"Mama, ikikataa tena inajifunga kabisa. Niambieni, niandike miye."

Donatien akacheka: "Hana kintu huyu muzee! Ni teatre!"

Mungefanya nini? Nyumba yangu inaenda hivi, niko naiangalia. Nikavuta sikio ya papa Gaspard, nikanong'oneza. Na yule muntu, badala ya kuandika kimya, akapaza sauti kama mwenye kuuzisha tomate:

"Takataka? Na T kubwa, mama? Takataka tu, ao kuko namba nyuma?"

"Yesu wangu!" mama Feza akalia. "Mama-mukwe anatamka jina ya mutoto wetu!"

Madereva bakageuka bote pamoja. "Patron… njo weye?" Mukwe wangu akafunika uso na koti ya kostime, akatoka. Hakuangalia nyuma.

Papiers zikafunguka, na jina ya muzee Kasongo, na muhuri. Donatien akateleza mu bantu, akapotea. Parcelle ikabaki yangu. Sasa, kuko mwenye anaongea juu ya ule mwizi? Hapana! Banaongea juu yangu. Nilipeleka kuku mweupe kwa mama Feza, akapokea, akaniambia: "Kuku tumekula, mama. Lakini madereva, nani atabafunga midomo?" Muchele mukwe angali ananitumia kila mwezi; mwenyewe hakanyage tena kwangu.

Telefone ikiniomba siri siku ingine, nitaipa yangu ya kweli, hata ikiwa bantu banicheke. Nimeapa. Nyumba yako usiifunge na haya ya muntu mwengine.