Nywele Zangu Chini ya Nguzo

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba mto wetu una njaa. Miezi mingi ulikuwa mchanga mtupu, tukichimba humo maji ya kunywa, lakini mvua ikinyesha vilimani ulishuka ghafla, mwekundu, ukivuma. Ulimchukua mjomba wangu, kitinda mimba wa Bibi, akivusha mbuzi. Shule yangu uliichukua polepole. Ilikuwa ng'ambo, na kila msimu wa mvua nilibaki nyumbani, hadi wenzangu wakaniacha nami nikaishia darasa la nne. Hata karanga zetu zilisubiri kiangazi, lori la ushirika lije na bei yake.

Ndipo wakaja wajenzi wa daraja. Msimamizi wao alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mpole. Bibi alimfuata mtoni, mimi nikiwa nyuma yake.

"Mnajenga. Mmeomba?"

"Tumwombe nani, Bibi?"

Bibi akauelekezea mto kidevu. "Mwenyewe. Daraja halisimami bila kichwa cha mtu."

"Mbona hata maji hauna?"

"Umelala. Ukiamka msije kunililia."

Vibarua wakacheka, ila si sana.

Uliamka. Mvua moja tu, iliyokuja kabla ya wakati wake, ilibeba mbao zote za kumiminia zege. Hakufa mtu, lakini asubuhi hakutokea kibarua hata mmoja. Wote walikuwa wa kijijini kwetu, na kila mmoja alikipenda kichwa chake. Akina mama walitufungia ndani. Ikasemekana kazi ikilala hivyo, vifaa vitapelekwa kwingine, nasi tutabaki na mashimo.

Msimamizi akaja nyumbani, kofia mkononi. "Shikamoo, Bibi. Sasa nifanyeje? Kichwa cha mtu nitakitoa wapi?"

"Marahaba. Sijakuomba cha kwako."

Bibi akachukua wembe, akaniita, akanikalisha kwenye kigoda. Nililia, maana nilidhani wembe utaendelea hadi shingoni. Alipomaliza kuninyoa, kichwa kikiwa cheupe kama yai, alizichanganya nywele zangu na unga wa uwele kikapuni, akanishika mkono hadi mtoni. Kijiji kizima kilitufuata kwa mbali. Akavimwaga vyote katika shimo la nguzo ya kati.

"Kichwa hicho, cha damu yangu," aliuambia mto. "Mmoja ulishamla. Tumemalizana."

"Na mtoto je?" msimamizi akauliza kwa wasiwasi.

"Mtoto anakwenda kula."

Watu wakacheka, safari hii kweli. Kesho yake walikuwa wanakoroga zege.

Daraja lilipokamilika hakuna aliyetaka kutangulia. Bibi akanisukuma begani. "Nenda, lako hilo." Nilitembea. Katikati niligeuka nikamwona ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na hapo nikajua kwamba naye hakuwa na hakika. Nilivuka.

Siku hizi malori hupita hata mvua ikinyesha. Wanunuzi kutoka Dodoma mjini na Mpwapwa hugombea karanga na alizeti mlangoni kwetu, na mama yangu hupeleka mlenda mkavu Gulwe kwa abiria wa treni, akarudi siku hiyohiyo. Mimi nauza chai na maandazi darajani. Shule haikunisubiri, na siku nyingine inaniuma ninapowaona wanafunzi wakipita na madaftari yao.

Nimekua, najua nguzo inashikwa na nondo na mawe. Lakini najua pia kwamba nondo zile zingelala mchangani kama wanaume wale wasingerudi, na kilichowarudisha kilikuwa kikapu cha nywele zangu.

Mdogo wangu Chiku yuko darasa la sita. Hajakosa shule hata masika. Kila ninapomnyoa, kama shule inavyotaka, nazikusanya nywele zake nikaziangushe penye nguzo ya kati.

"Dada, daraja lina kipara?" hunitania.

Namwambia awahi kengele. Kisha nasimama kumtazama mpaka afike ng'ambo.