Choo cha Nyuma, Bomba la Chini

Nilipojenga Kunduchi, mama yangu alinipa sharti moja tu: choo kikae nyuma kabisa ya nyumba, na mtu akikaa asielekee kibla. Nikatii. Nani abishane na mama? Kumbe bomba la majitaka likaja kupitishwa mbele, barabarani, na kiwanja changu kinateremkia nyuma.

"Maji machafu hayapandi kilima, dada," mkaguzi akaniambia. "Pasipo mteremko hatuunganishi, ndiyo sheria. Labda upite kwa jirani wa nyuma, chemba yake inaingia bomba la mtaa wa chini. Lakini lazima akubali mwenyewe."

Loo, jirani! Mama yule wa Kiarabu, mwenye duka la vitenge na udi, hatukuwa tunasemeshana tangu nilipoinua ukuta ukamzibia upepo barazani kwake. Kiwanja changu, ukuta wangu, nilimwambia. Tukanuniana. Nikaapa simwendei ng'o.

Masika yakaingia. Shimo letu la choo likafurika, choo kikawa hakiendeki. Mama na magoti yake mabovu ikabidi avushwe matope kwenda kujisitiri nyumba ya pili. Siku moja, chakulani, nikamwona anaisukuma glasi ya maji pembeni.

"Hunywi, mama?"

"Nikinywa nitawasumbua."

Nililia, wallahi. Nikajitanda kanga, nikaenda dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeniona?"

Nikamweleza yote, hata ile glasi. Alikuwa anakunja kitenge; akakiweka chini.

"Bomba lipite. Kwa ajili ya mama yako, si kwa ajili yako wewe! Na huo ukuta, matofali ya juu uyatoe, uweke ya matundu. Nataka upepo wangu."

Mafundi wakachimba, wakabadilisha na matofali ya juu ya ukuta. Mkaguzi akarudi, akamwaga ndoo ya maji, akachungulia chemba, akaridhika. Mama ndiye aliyeingia wa kwanza. Sie tukabaki uani, kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Tukasikia maji yakishuka.

Mama hasemi neno akiwa chooni, hajawahi. Alitoka kwanza, akafunga mlango, ndipo akapiga kigelegele. Kwenye matundu ya ukuta kikaitikiwa na kingine, kirefu kuliko chake.

Mama akacheka, akajiegemeza begani kwangu.

"Sasa niletee maji, mwanangu. Ile glasi kubwa."