Nyumba ya Mwalimu Peres

Enzi zetu kule Ahero, Jumapili ilianza kwa kufukuza ndege kwenye mashamba ya mchele. Kisha tuliogeshwa, tukapakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa, tukakimbia kanisani kwenye shule ya Jumapili. Tulikaa chini, kwenye udongo uliopakwa samadi ya ng'ombe. Somo likiisha, Mwalimu Peres alitugawia nyoyo, yaani mahindi na maharagwe aliyoyachemsha mwenyewe, na kijiko kimoja kikazunguka midomo yetu yote. Watoto wa siku hizi wakikiona kijiko kile watataka kupelekwa hospitali.

Mwalimu Peres alikuwa na somo moja tu, nadhani, alilolirudia kwa namna nyingi. "Haki ni mwenzako kupata ile kitu yake," alituambia. "Huruma ni wewe kumpa ile yako." Tuliimba maneno hayo kwa sauti, halafu tukitoka nje tunanyang'anyana miwa, naye anaturudisha ndani tuanze upya.

Alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, alikataa kurithiwa na shemeji yake, akasema yeye ni wa Kristo. Mila yetu Wajaluo ni kali hapo. Mjane asiyerithiwa haingii nyumba ya mtu, na nyumba yake ikianguka haijengwi, kwa sababu nguzo ya kwanza lazima ichimbiwe na mwanamume aliyemrithi. Pasta alimsifu mbele ya kanisa zima, watu wakampigia makofi. Mimi mtoto niliyaamini yale makofi.

Kisha mto Nyando ukafurika na nyumba yake ya udongo ikalala chini. Alikuja kwetu na Biblia na sufuria kichwani, mvua ikimpiga, akasimama nje ya mlango. Mama yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya, na ndiye aliyemzuia.

"Mwalimu, si ubaya," Mama alisema. "Lakini ukiingia hapa, hawa watoto watapata chira." Chira ni ile laana ya kukonda mpaka mtu anakufa, na Mama aliiogopa kuliko Shetani.

"Sawa tu, nyamera," Mwalimu alimjibu, akimwita dada yake hata hapo. "Wafunike hao watoto, kuna baridi."

Nilimwona akivuka kwenda kwa mzee wa kanisa. Kule hata mlango haukufunguliwa.

Maji yalipokauka, wazee walimwambia akubali tu mwanamume achimbie nguzo, wao watamjengea. "Mimi niko na Yesu," aliwajibu, nao wakaenda zao. Akapanga chumba sokoni, akauza omena, wale dagaa wa ziwani, miaka yote iliyobaki. Kufundisha alikatazwa, eti watoto watachanganyikiwa. Nani alituchanganya zaidi, yeye au wao? Nina hasira hadi leo, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwaka jana alifariki. Sasa mila hiyohiyo inasema mwanamke hazikwi bomani kwake kama hana nyumba. Wale tuliokula naye nyoyo, ambao leo ndio wazee wa kanisa, walichanga haraka. Shemeji yake, mzee wa mkongojo, akachimbia nguzo ya kwanza, na safari hii hakukuwa na wa kumkatalia. Kabla mwili haujatoka mochari, nyumba ilikuwa imesimama, ina mabati mapya na madirisha ya vioo. Vijana waliipiga picha wakazisambaza, wakaandika kwamba kanisa letu lina upendo.

Watoto wetu sasa wanakalia viti vya plastiki, wanaonyeshwa haki na huruma kwenye televisheni kubwa ya ukutani, kwa rangi. Sisi hatukuwa na televisheni. Tulikuwa na Mwalimu mwenyewe, amelowa, mlangoni. Wakipita pale bomani huuliza nyumba nzuri vile ni ya nani. Tunawaambia ni ya Mwalimu Peres, kana kwamba aliwahi kuishi humo.