Malori Mawili Yaliyozimwa Haya-Bas

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, Harlaan Sleptsov hajui kukaa. Mkewe, Barbaara, ameshazoea kumpa chai akiwa amesimama dirishani, sikio limeelekea uani kwa depo, ambako malori matano yananguruma usiku na mchana. Kwetu Haya-Bas hakuna anayezima injini ya dizeli wakati wa baridi kali. Ukiizima, umeizika hadi barafu iyeyuke. Wengine hukosa usingizi kwa sababu ya ngurumo hiyo. Harlaan huamka ikipungua.

Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na minne kati ya hiyo ameimaliza chini ya malori. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havina ncha. Baridi ilizichukua siku alipovua glavu barabarani ili kukaza nati moja tu. Kila mwaka, theluji ikishika, yeye ndiye huvisha rejeta sufi nzito, ndiye huongeza kioo cha pili kwenye madirisha ya madereva ili wasione ukungu mtupu, ndiye hutia spiriti kwenye mabomba ya hewa ya breki ili maji yasigande humo. Spiriti hamwachii mtu.

"Mzee Harlaan, breki zangu mwaka huu zina kiu sana," dereva Mitereey humwambia kila mara.

"Breki nitazinywesha mwenyewe. Wewe kunywa chai."

Mimi nilikuwa karani wa depo, nikijaza karatasi za safari. Karatasi hizo haziwi kitu mpaka fundi mkuu atie sahihi. Bila sahihi ya Harlaan, lango halifunguliwi.

Januari hiyo tulikuwa na meneja mpya, Erchim, kijana wa miaka thelathini na mmoja kutoka mjini, msafi wa kola, mwepesi wa hesabu. Injini zikinguruma bila kupumzika, oili huchakaa upesi, na yetu ilikuwa imekwisha muda. Erchim akaleta mapipa mapya, yameandikwa kwa rangi ya buluu kwamba ni oili ya majira ya baridi. Harlaan akayazunguka mara mbili. Akachuchumaa, akasoma namba.

"Hii si ya huku," akasema.

Kwenye pipa la oili, namba ya kwanza ndiyo inayosema itastahimili baridi kiasi gani. Ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Oili yetu ya miaka yote ilikuwa ya sifuri. Hii ilikuwa ya kumi. Huko mjini kwa watengeneza lebo, baridi ni nyuzi ishirini chini ya sifuri na watu wanalalamika. Hapa, nyuzi ishirini watoto wanafungua vifungo vya makoti.

Jioni hiyo Harlaan aliingia jikoni akachukua bakuli mbili za Barbaara. Ni zile tunazogandishia maziwa, kila nyumba inazo. Maziwa yakishaganda yanatolewa kama sahani nyeupe na kupangwa ghalani.

"Na hizo unazipeleka wapi?"

"Depo."

"Ukizirudisha zinanuka lori, utakunywa maziwa yako kwenye buti!"

Akatia oili ya mapipa mapya kwenye bakuli moja. Kwenye ya pili akatia ile ya sifuri, ambayo alikuwa na lita sitini zilizobaki tangu mwaka jana, amezifungia kwa kufuli lake. Akaziacha juu ya rundo la kuni. Asubuhi kipimo kilisema hamsini na moja chini ya sifuri. Aliinamisha bakuli ya oili ya sifuri. Ikasogea polepole, kama asali, lakini ikasogea. Akaigeuza ile nyingine juu chini. Kikaanguka kisahani cheusi kizimakizima.

Alikibeba hadi ofisini akakiweka juu ya karatasi za Erchim.

"Oili yako hiyo, Bosi. Kata vipande, tule na samaki."

Erchim hakukasirika. Ningependa kusema alikuwa mjinga, ingekuwa rahisi. Alisema kwa utulivu, "Mzee, umegandisha oili iliyolala nje. Ya kwenye injini hailali nje. Injini hatuzizimi mpaka Aprili, si ndivyo? Sasa oili itaganda lini?"

Na madereva waliokuwa wanaota moto wakatikisa vichwa kukubali. Kosa hilo ni letu sisi wa huku, wala halikutoka mjini. Tumeishi na injini zisizozimwa hata tumesahau kwamba zinaweza kuzimika zenyewe.

Aital, dereva na mkwe wa Harlaan, ndiye aliyesema kwa sauti. "Baba, watu wa Ebilen wana dizeli ya siku tisa. Bweni la shule yao lina watoto tisini. Tukae hapa tunatazama bakuli?"

Hapo ndipo penye uchungu. Ebilen iko kilomita mia nne, barabara yenyewe ni mto ulioganda na kisha mlima. Jiko la kupashia kijiji kizima joto linakula dizeli, na malori yetu ndiyo huipeleka. Oili ya Harlaan ilitosha malori mawili tu. Akisaini matano, madereva watano wanapanda mlima na oili inayogeuka sahani. Akikataa, kuna watoto tisini.

"Dizeli ikiganda kwenye filta mlimani, injini itazimika," Harlaan alisema. "Utabadilisha filta. Vidole vitakataa, utaota moto, utarudi. Saa tatu zimekwisha. Halafu utapiga stata. Nini kitazunguka, Aital?"

"Haijawahi kunitokea."

"Ingekutokea, binti yangu angekuwa mjane."

Erchim akasukuma karatasi tano mbele. "Saini, Mzee. Au nitafute fundi mwingine."

Harlaan hakusaini. Alienda dirishani, akarudi, akaenda tena. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye depo ile. "Tuzime mawili. Moja nilitie oili yako, moja yangu. Saa nne mpaka saa saba, sufi zao juu, kama mlimani. Yakiwaka yote, nasaini matano na ufunguo wangu nakuachia mezani."

"Na yasipowaka?" Mitereey akauliza. "Utawapelekea nini watoto, Mzee? Bakuli?"

Harlaan alirudi dirishani. Alijua. Yakifa yote mawili, yeye ndiye atakuwa ameua malori siku ambayo yanahitajiwa.

Asubuhi ya pili, oili zikiwa zimebadilishwa, alizima la kwanza kwa mkono wake, kisha la pili. Kimya kile kilitutisha. Mbwa wa mlinzi aliinuka akatazama.

Kwa saa tatu Harlaan alizunguka uwanja. Theluji chini ya buti zake za manyoya ilikwaruza, ikakwaruza, mpaka Barbaara akaja langoni na birika, akamtazama, akarudi nalo. Erchim naye alitoka, akasimama na kola yake wazi kwa ukaidi, akaifunga.

Saa saba Aital alipanda kwenye lori la oili mpya. Stata ikaguna, ikavuta nusu mzunguko, ikakwama. Akajaribu tena. Kikatoka kishindo kimoja kama mtu anayepiga mlango kwa bega, basi. Betri ikafa.

Mitereey akavua kofia, akaivaa haraka.

Aital akapanda kwenye la pili. Stata ikalalamika. Haikuwaka. Mara ya pili, haikuwaka. Harlaan aliweka mkono wenye vidole vifupi juu ya madigadi ya gurudumu kama anayemshika ng'ombe anayezaa. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika.

"Mawili," Erchim akasema hatimaye, bila kumtazama mtu. "Mawili yanawapa siku kumi na moja. Nitaagiza oili ya sifuri kwa ndege."

Kisha akaingia ndani akamwandikia Harlaan barua ya onyo kwa kuharibu lori la oili mpya. Nilipiga mhuri barua hiyo kwa mkono wangu na bado inaniwasha.

Lori jingine likapata oili ya sifuri iliyobaki, yakasainiwa mawili. Kabla ya kuondoka, Aital alitupa kipande cha chapati ya siagi kwenye moto kuuomba njia njema, kama tunavyofanya sote, akaondoka bila kumuaga baba mkwe wake.

Siku tatu Harlaan hakula akiwa ameketi. Siku ya tatu mchana redio ikakwaruza.

"Baba. Tumefika wote. Langu lilizimika mlimani, filta."

"Muda gani?"

"Saa mbili na kitu."

"Na kitu gani? Dakika ngapi? Upepo ulikuwa wa upande gani?"

"Sikutazama, baba. Liliwaka."

Harlaan akairudisha redio mezani, akachukua glavu, akatoka kwenda kumwaga oili kutoka kwenye malori yaliyobaki, yawe tayari kwa ile ya sifuri.