Nyota Kati ya Jina na Mwalo

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nilicho nacho nimekitafuta kwa kuanika dagaa, na leo nasimamia kikundi cha akina mama waanikaji wa pande zote mbili za maji, huku Mwanza na kule Kamanga. Mtu akiniambia jambo la kompyuta haliwezekani, namwambia asogee nilione mwenyewe.

Msimu huu mnunuzi mmoja alikubali kuchukua dagaa wetu wote. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na dagaa akishanyeshewa anaishia kuwa chakula cha kuku. Sharti la mnunuzi lilikuwa moja: kesho yake kabla ya saa sita mchana apate orodha yetu kwenye kompyuta, majina safu yake, mialo, yaani fukwe tunakoanikia, safu yake, magunia safu yake, ili malori yajue pa kupita. Tukichelewa, malori yanakwenda kwa kikundi kingine.

Nikawaambia wanawake wangu wanitumie habari hizo kwa meseji. Wakatuma wote. Asubuhi binti yangu, ambaye ni mtu wa ofisini, akaja na kompyuta yake kwangu Igoma, hapa Mwanza, akazimwaga kwenye jedwali, kila meseji kisanduku chake, akaiamuru mashine ikate kila penye nafasi, kila neno liende safu yake. Ikakata. Safu ya majina ikawa Shikamoo, juu hadi chini. Safu ya mialo ikawa Mama. Kwenye magunia tukapata Pole, na Habari, na Mvua.

"Mama, watu wako wanaandika barua."

"Wananisalimia. Ulitaka waniingilie kama polisi?"

Akachukua simu yangu, akawaandikia warudie bila salamu. Haikurudi meseji hata moja. Ikaita simu, mama mmoja wa Kamanga, sauti ya chini kama yuko msibani.

"Shikamoo mama. Tumekukosea nini mpaka hutaki salamu zetu?"

"Marahaba. Hamjanikosea kitu. Ni huyu binti yangu, kakaa na mashine mpaka anaongea kama mashine."

Binti akacheka, akaanza kuhamisha neno moja moja kwa mkono. Nikatazama saa, nikaona kwa mwendo huo hatufiki.

"Hiyo inakata penye nafasi tu?"

"Inakata penye alama yoyote ukiiambia. Ila mkato hawauweki hawa, na nukta wanaiweka popote."

"Na nyota?"

"Nyota gani, Mama?"

"Nyota ya simu. Wote wanaangalia salio. Nyota na reli wanabonyeza hata wamefumba macho."

"Itakata," akasema.

Nikawaandikia kwa kidole changu mwenyewe: nisalimieni mpaka mridhike. Mkimaliza wekeni nyota, kisha jina, nyota, mwalo, nyota, magunia. Baada ya magunia asiongeze mtu neno.

Zikaanza kumiminika. Mmoja alinisalimia mimi, wajukuu na ng'ombe, lakini nyota zake zilikuwa mahali pake. Binti akazimwaga upya, akaiandaa mashine, nikamwambia hicho kitufe nabonyeza mimi. Nikabonyeza. Jina likaenda kwenye majina, Kamanga ikaangukia kwenye mialo, magunia yakajipanga, na salamu zikabaki safu ya kwanza, zimekaa kwa heshima zake.

"Hii ya salamu naifuta."

"Kwenye ya mnunuzi futa. Yangu iache."

Saa sita ilikuta orodha imeshaondoka. Malori yakapita mwalo kwa mwalo na hakuna dereva aliyepiga simu kuuliza njia. La mwisho lilipakia Kamanga, nami nilikuwa nimevuka kulisimamia. Vijana walikuwa wanakaza turubai, dagaa wote wako ndani, matone ya kwanza yakaanza kudondoka. Akina mama wakakimbilia kwenye vibanda wakiniita nijikinge. Nikabaki palepale ufukweni, nikanyeshewa kwa raha zangu.