Mke: Mariamu, Rumonge

Ninaikumbuka mpaka leo, mwanangu, ile siku niliyorudi kutoka Minago na habari nusu. Nimeiandika kwenye daftari langu mara tatu, na kila mara nimejihurumia kuliko ninavyostahili. Nitajaribu tena bila kujipendelea.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Vita vyetu vilikuwa milimani, na sisi wa Rumonge, huku ziwani, tulisikia bunduki upande wa Bugarama huku tunaanika ndagala, maana samaki akishavuliwa lazima aanikwe.

Baba yangu alikuwa mzee sana, mshona nyavu aliyeshinda amekaa mlangoni, na alibakiwa na jambo moja tu moyoni. Baba yake, Shabani, aliondoka hapa wakati Wabelgiji walipopigana na Wajerumani. Alikwenda kuwa askari, hakurudi. Jirani mmoja aliyerudi kutoka vita hivyo alisema Shabani alitoroka. Kwa hiyo nyumba yetu haikumsomea hitima, ile dua ya marehemu, na hakuna mjukuu aliyepewa jina lake, ingawa kwetu jina la babu ndilo la kwanza kutolewa. Nina kaka wanne, hakuna Shabani hata mmoja. Sokoni tuliitwa uzao wa mtoro. Baba alikuwa akisema, "Sitaki awe shujaa. Nataka kujua tu kama alitukimbia."

Minago palikuwa na karani mstaafu aliyetunza nakala za orodha za askari wa zamani kwenye sanduku la bati. Nilikwenda kwa baiskeli ya kukodi, nimekaa nyuma na tumbo langu. Bariyeri ya askari barabarani ilikuwa ikifungwa saa tisa, na mwenye baiskeli hakuacha kunikumbusha. Karani alinipa orodha akaenda kula. Nikamtafuta Shabani, nikampata, na pembeni yake neno la Kifaransa ambalo hata mimi niliyeishia darasa la sita nililielewa: mtoro. Nikanakili jina na neno, nikaondoka.

Nilimwambia baba kabla sijakaa.

"Umeona na macho yako?" akauliza.

"Nimeona, baba."

Akakunja wavu, akaingia nao ndani. Kuanzia kesho yake hakukaa tena mlangoni. Bunduki zote zile hazikuwahi kumfungia ndani. Mimi nilimfungia.

Baada ya wiki nilifungua daftari nikaona nilichonakili: maneno mawili. Nikakumbuka kwamba kwenye orodha mistari ilikuwa mirefu, inajaza ukurasa mpaka mwisho. Nikaona aibu. Nikapanda baiskeli tena.

"Amahoro, mama. Umerudi na tumbo kubwa zaidi," karani akasema.

"Nilisoma haraka, mzee."

"Ah. Humu Shabani iko kumi na tisa. Nikisimama mu soko ya Rumonge niite Shabani, nusu ya wauza mawese watageuka. Wewe ulimuchukua yupi?"

"Wa kwanza."

"Wa kwanza." Akavua miwani. "Ungekuwa daktari, ungemukata mguu mugonjwa wa kwanza kwenye foleni?"

Akalivuta sanduku la bati karibu.

"Babu yako alizaliwa wapi?"

"Ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi. Huku alikuja kuvua, akasilimu, akaoa. Askari aliandikwa kwao ng'ambo."

"Basi ni chifu wa kwao alimutoa awe askari. Na huyo chifu, Shabani atamujulia wapi? Alimutoa kwa jina ya utoto."

Jina hilo nililijua, mwanangu, ndicho kinachoniuma. Bibi akigombana na baba alikuwa akimwita mwana wa Wilondja. Tulidhani ni tusi tu la ng'ambo.

Wilondja walikuwa wawili. Karani aliniwekea kidole kwenye karatasi, akaniamuru nisome kila mstari mpaka mwisho. Wa kwanza hakuwa na mke. Wa pili: ametolewa na chifu wa upande wa Fizi, mvuvi, mke: Mariamu, Rumonge. Mariamu ndiye bibi yangu. Mwisho wa mstari: amekufa kwa kuhara damu, kambini, njia ya Tabora.

Safari hii nilinakili kila kitu. Baba nikamsomea kila kitu pia, hata ugonjwa, ingawa shangazi alinikonyeza niuruke.

"Kuhara," baba akasema. "Si risasi."

"Si risasi, baba."

"Na mke wameandika nani?"

"Mariamu, Rumonge."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi alitutaja. Leteni wavu wangu." Akatoka, akakaa mlangoni.

Hitima ilisomwa Ijumaa iliyofuata. Watu wa nyumba ya yule jirani walikuja, na baba aliwapakulia wali kwa mkono wake. Naye jirani simwiti mwongo: huenda alisikia Shabani fulani ametoroka, akadhani ni wetu, kama nilivyodhani mimi niliyekuwa na karatasi mkononi. Nilipojifungua mtoto wa kiume, baba alimpokea kabla yangu, akamwita Shabani.

Leo nawaona ninyi vijana mnawatafuta waliopotea katika vita vyetu wenyewe, mnauliza maofisini, mnapiga picha orodha kwa simu. Sijui kama nina haki ya kuwafundisha, ila nisikilizeni. Anza nyumbani, uliza majina yote ambayo mtu wako aliitwa. Soma mstari mpaka mwisho. Gari likikuacha, liache liende, ila habari nusu usimpelekee mzee. Na ukikuta neno baya limeandikwa pembeni ya mtu asiye wako, usilitangaze. Yule Shabani wa kwanza naye ana watu wake, na alichokimbia hakikuandikwa.

Mungu awaonyeshe watu wenu, wanangu. Na siku mtakapowapata, wazee wenu wawe bado wapo, muwasomee wakiwa wamekaa mlangoni.